Mizigo Inabaki Garini

Kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Redio, kwa sababu akishika maiki hanyamazi mpaka betri iishe, na mwenyewe analipenda jina hilo kupita kiasi. Anatembeza watalii wa siku moja: asubuhi basi, kisha feri, mchana kisiwani, jioni kurudi. Maiki yake ndogo huibana kwenye kola ya shati, na kila abiria hupewa kispika cha kuchomeka sikioni, ili hata aliyebaki nyuma kununua maji amsikie Redio akipayuka.

Safari hii kiti kimoja kilikosa mtu, bosi akamwambia alete ndugu yake yeyote. Akamleta mama yake mzazi, mjane mwenye magoti mabovu, ambaye tangu binti aanze kazi hii alikuwa akiuliza kisiwa chenyewe kinafananaje. Mama alivaa viatu vipya. Kispika alikichomeka kabla hata basi halijawashwa, na kila aliposikia sauti ya mwanawe alitabasamu, utadhani anaongea naye peke yake.

Bandarini kulikuwa na foleni. Redio akashuka na dereva kunyoosha miguu.

"Mama anafurahia?" dereva akauliza.

"Niache tu. Njia nzima choo, maji, dirisha, choo tena. Nimejitwisha mzigo, ndugu yangu. Afadhali hata begi. Begi unalitupia chini ya gari, halikuombi choo."

Dereva akacheka. Redio naye akacheka, maana kichekesho kilikuwa kizuri na alikitunga mwenyewe.

Alipopanda tena basini, hakuna aliyemtazama. Watu waliokuwa wakipiga soga tangu asubuhi walikuwa kimya kama wako msibani. Akatupa utani wake wa kila safari kuhusu mawimbi na kifungua kinywa, ukadoda. Ndipo bwana mmoja mwenye kofia pana, aliyeketi siti ya mbele, akaigusa kola yake mwenyewe, taratibu, huku akimwangalia.

Redio akainamisha macho. Kitaa chekundu cha maiki kilikuwa kinawaka. Kuizima maiki kabla ya kushuka ndilo jambo la kwanza wanalofundishwa.

Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini chini yake kulikuwa na sakafu ya basi tu, na basi lenyewe lilikuwa tayari linaingia kwenye feri. Mama alikuwa siti ya nyuma ya bwana yule, mkoba magotini, akitazama nje. Kispika kilikuwa bado sikioni. Aliyoyasikia aliyasikia humo humo, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikimfurahisha tangu asubuhi.

Kazi ni kazi. Basi likisimama ndani ya feri kuna tangazo, na Redio alilitoa bila kulifikiria kwa sababu hulitoa kila safari.

"Abiria wote tunapanda juu. Mizigo inabaki garini."

Neno lilipomtoka ndipo alipolisikia. Akaizima maiki, lakini lilikuwa limeshatoka. Watu wakashuka mmoja mmoja bila kumsemesha. Mama hakusogea.

"Mama, twende juu. Kisiwa kinaanza kuonekana."

"Umesema mizigo inabaki."

"Mama, jamani."

"Nimetii tangazo."

Redio akachuchumaa katikati ya viti. Viatu vipya vya mama vilikuwa mbele ya macho yake, vimepigwa rangi vikang'aa. Aliona aibu hata kuvitazama.

"Hicho kidude umekizima?" mama akauliza.

"Nimekizima."

"Kiwashe."

"Mama, watu wote wana vispika masikioni."

"Najua. Hata mimi ninacho. La kunitukana tumelisikia wote. La pili unataka kuninong'oneza?"

Akakiwasha. Kule juu soga zikakatika. Redio akakohoa, na sauti iliyomtoka ikawa ile ya kazini. "Ndugu abiria, naomba radhi kwa..."

"Usiwaambie wao," mama akasema. "Niambie mimi. Wao wasikilize."

Machozi yakamlenga. "Nisamehe, mama. Nimekudhalilisha. Nilitaka tu kumchekesha mtu."

Mama akakisukuma kispika ndani zaidi, ingawa binti alikuwa pale pale mbele yake.

"Rudia."

Akarudia. Mama akamnyooshea mkono.

"Nimekusikia. Sasa niinue, nataka choo."