Mstari wa Tatu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kipande cha rangi ya kijani kwenye kona ya chini ya kioo cha kompyuta, kidogo kama mboga iliyonasa kwenye meno. Wenzangu wote walikuwa wanatazama mistari miwili mikubwa, mmoja wa bluu na mwingine mwekundu, iliyokuwa inapanda na kushuka katikati ya kioo. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti cha kaka, nimeshika sinia ya vikombe vya chai. Nikakiona kile kipande, nikajua kwamba ni mimi.

Bluu alikuwa bibi. Nyekundu alikuwa mama. Kaka alikuwa ameweka kisanduku pembeni ya grafu, ndani yake rangi tatu na majina matatu: Bibi, Mama, Kimya. Kimya ndilo jina alilonibandika tangu utotoni, na hata mama akiwa na haraka huniita hivyohivyo.

Kaka yuko chuo cha kilimo, mwaka wa mwisho, na utafiti wake ni wa uyoga. Alitaka kujua unapenda kuota wapi zaidi: kwenye maranda ya mbao, kwenye mabua au kwenye pamba taka. Chumba cha kuoteshea pale chuoni kilikuwa na foleni ndefu, akaona wanawake wa nyumbani kwao wanatosha. Bibi alipewa maranda ya kwa seremala, akayajaza kwenye vifuko vya kuoteshea, akavipanga stoo. Mama alipewa mabua, akaviweka vya kwake chini ya ngazi. Mimi nikapata pamba taka kutoka kwa fundi magodoro, na bafu la zamani nyuma ya nyumba, ambalo hata bomba halina. Kila mtu alipochuma alipima kwenye mizani ya jikoni, akaipiga picha mizani na uyoga wake juu, akamtumia kaka kwa simu. Kuambiana ilikuwa marufuku. Kaka alisema mkulima akishajua jirani yake amempita, kidole chake huanza kuegemea mizani. Bibi aliapa kwamba vidole vyake havina uzito wowote, lakini tangu siku hiyo mama alikuwa anamchungulia.

Sasa mavuno ya kupimwa yalikuwa yamekwisha na kaka amekuja na majibu. Mama mdogo naye alikuwa amekuja, kwa shughuli yake. Ana duka la vitambaa huko anakokaa, msichana wake wa kaunta ameolewa, na alinitaka mimi nikashike nafasi. Mama alimwambia subiri grafu. Kama bafu langu linazaa, nitabaki, niongeze vifuko, iwe ndiyo kazi yangu. Kama halizai, nifunge begi niondoke naye kesho. Waliyapanga hayo jikoni huku mimi nasugua masufuria hapohapo kando yao. Hakuna aliyeniuliza. Sidhani walikuwa na ubaya. Mtu asiyejibu, watu huzoea kutomuuliza.

Na duka nalijua. Unamwita mteja, unamsifia rangi, unabishana naye bei, unamchekea hata kama hakuna la kuchekesha, tangu asubuhi hadi jua linazama. Uyoga hautaki hata salamu. Unataka maji na giza, basi.

Aliyeuliza kwa sauti ni mama mdogo. Alikisogelea kioo, akaweka kidole kwenye kile kipande cha kijani, akasema huyu mbona ameanza tu akaishia hapohapo. Mama mdogo akajijibu mwenyewe: uyoga wa pamba ulichungulia wiki ya kwanza, ya pili ukafa. Akanigeukia kwa huruma ya kweli, akaniambia nisijali, dukani kuna feni.

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nimechuma hadi beseni likajaa, na wiki iliyofuata nikachuma tena. Lakini watu wanne wote walikuwa wananitazama. Nikagawa chai.

Kaka akasema picha zangu zote anazo na namba ziko kwenye jedwali, hakuna hata shimo moja. Basi tatizo ni la mchoro. Akaanza kuandika amri upya, na kwa kuwa bibi alimwuliza anafanya nini, akaeleza huku anaandika. Programu ile ya takwimu, alisema, huchora mstari mmoja kwa wakati. Amri ya kwanza hujenga nyumba na kumweka mgeni wa kwanza ndani. Amri za wengine ni tofauti; hizo zinaingiza mgeni tu kwenye nyumba iliyokwisha jengwa. Bibi akasema hiyo ni programu yenye adabu.

Kaka akabonyeza. Mstari wa bluu ukatokea. Akabonyeza tena. Ukatokea mwekundu, na wa bluu ukatoweka.

"Bwana wee," bibi akamwambia, "umeoa mwingine ukanifukuza kwangu?"

Kaka akaomba radhi; alikuwa ametumia amri ya kujenga mara mbili, ya pili ikabomoa ya kwanza. Akarudia vizuri. Wa bluu, halafu mwekundu juu yake, wote wawili wakakaa kwa amani, isipokuwa mama alilalamika kwamba mlima wake mmoja hauna kilele, umekatwa kama nywele za kwa kinyozi asiyejua kazi. Kaka akasema hayo tutayaona baadaye. Akaniingiza mimi. Kile kipande kikajitokeza kwenye kona, halafu hakuna kitu.

Mama mdogo akaanza kuulizia ratiba ya mabasi.

Kaka akafuta kila kitu. Akachora mstari wangu peke yake, na huyo hapo. Kijani, mrefu, ukapanda toka kona ya chini mpaka karibu na ukingo wa juu, ukashuka kidogo, ukapanda tena. Mama akasema kumbe upo, basi uweke na wenzake. Kaka akaurudisha pamoja na wenzake, ukatoweka. Akauchora peke yake, ukaonekana. Pamoja, haupo.

Bibi akaweka kikombe chini.

"Akiwa peke yake anaonekana, wakija watu hayupo," akasema. "Mbona huyo ni mke mwenzangu mtupu? Kompyuta imempiga picha."

Walicheka wote, na mimi nilicheka, kwa sababu bibi akikutania ni lazima ucheke. Kaka ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Alikuwa anatazama ukingo wa kushoto wa grafu, pale zinapopanda namba za uzito. Akauchora tena mstari wangu peke yake, akaziangalia namba. Akarudisha ule mchoro wa watatu, akaziangalia tena. Kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Nimeanza na bibi," akasema.

"Ulitaka uanze na nani?" bibi akamwuliza.

Hapo ndipo tulipoelewa, kila mtu kwa wakati wake. Kaka alikuwa ametupanga kama tunavyokaa mezani na kama tunavyosalimiwa, mkubwa kwanza, mdogo mwisho. Hata hakufikiria; mkono wenyewe uliandika bibi, mama, Kimya. Na ile programu huijenga nyumba kwa kipimo cha mgeni wa kwanza. Maranda ni mavivu, uyoga wa bibi haukuwa mzito, kwa hiyo dari ikawekwa pale kichwa cha bibi kilipofika. Mama aliingia kwa kuinama, ule mlima wake ukakatwa. Mimi nilikuwa ndani wiki ya kwanza tu. Kuanzia ya pili nilikuwa juu ya paa, nje ya picha, na hakuna aliyetazama huko.

Mama akauliza kama kompyuta inataka watoto watangulie mbele ya wazee. Kaka akasema haitaki hivyo. Inataka mtu awapime wote kwanza, ndipo ajenge. Akaiuliza programu namba kubwa kuliko zote katika majedwali yote matatu, akaijengea dari juu ya hiyo, kisha akatuingiza kwa mpangilio uleule wa heshima, bibi, mama, mimi.

Bibi na mama walikuwa wamefupika. Milima yao ilikuwa vichuguu, ila cha mama kilikuwa na kilele chake. Na wa kijani ulipanda ukawapita kwa mbali, ukayumba, ukapanda tena.

Bibi alidai ahesabiwe upya. Mama akaifuta meza ambayo ilikuwa safi.

Lakini mama mdogo si mtu wa kushindwa kwa mstari mmoja. Alimwuliza kaka kama ana uhakika kuwa ni pamba. Je, kama ni bafu? Maana bafu litabaki hapahapa hata mimi nikiondoka, na mtu yeyote anaweza kumwagilia. Lilikuwa swali zuri, na kaka, ambaye hawezi kusema uongo mbele ya grafu, alikiri kwamba hajui. Inaweza kuwa pamba, inaweza kuwa bafu, inaweza kuwa mkono. Itabidi warudie msimu ujao, pamba iende stoo na maranda yaje bafuni, na mwagiliaji wa bafuni asibadilike, la sivyo hawatajua chochote.

"Kwa hiyo anabaki," mama akasema.

"Anabaki kwa ajili ya sayansi," kaka akasema.

Mama mdogo akacheka, akainua mikono. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Alinigeukia mimi, si mama, akaniuliza, "Na wewe mwenyewe, mwanangu, unasemaje?"

Nilitazama vikombe. Nikasema ngoja nikamwagilie.

Wakacheka tena, nami nikatoka na ndoo. Nilisikia mama mdogo akimwambia mama kwamba huyu mtoto hanipendi, hata duka langu halipendi, na mama akimtuliza.

Si hivyo, mama mdogo. Duka lako ni zuri, na wewe nakupenda; ungenichukua nikiwa mdogo ningekufuata bila viatu. Nilichokiogopa ni wale wateja, na majirani wa huko, na wewe mwenyewe ukiwa umechoka jioni. Hapa nikinyamaza wanajua sijakasirika. Huko ningeanza kuwaelewesha watu wote upya, na ningehitaji maneno ya kuwaelewesha, na sina. Nilitaka kubaki. Hata mstari wangu ungekuwa wa chini kabisa, nilitaka kubaki.