Majani ya Kuonyesha Wageni

Jirani muuza mkaa anadai aliona kwa macho yake mawili. Anasema yule bibi wa shamba la pili alichota maji ya mfereji kwa ndoo, akayamwagia mahindi yake jani kwa jani, ili setilaiti ikipita iyakute yanang'aa.

"Alitaka sifa tu, yule!" anawaambia wateja huku akijaza kopo. "Shamba lake lisifiwe hata na mbingu. Sasa kidude kimeamini. Kimewaambia watu wa mfereji kwamba upande wetu wote tumeshiba maji. Lango limefungwa siku ya kumi na mbili leo. Tutakula vumbi, jamani, kwa ajili ya mbwembwe za bibi mmoja!"

Uongo mtupu. Bibi mwenyewe goti halimruhusu kunyanyua hata birika. Lakini mkaza mwana wake, aliyekuwa kwenye foleni na gunia lake tupu, hakumtetea. Aliinamisha kichwa, akauziwa mkaa pamoja na maneno, akaondoka. Mtaani wanamwita Mkatamajani, na Mkatamajani alijua kilichotokea kuliko muuza mkaa.

Mwanzoni mwa msimu mtaalamu wa ramani za setilaiti alikuja akitafuta mtu mwenye subira. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Siku setilaiti inapopita, saa nne na nusu asubuhi, aingie shambani, ahesabu hatua kumi, akate jani la shina lililo karibu na mguu wake, hata liwe bovu namna gani. Hatua kumi nyingine, jani jingine, mpaka yatimie thelathini. Ayafunge upesi kwenye mfuko usiopitisha hewa, ayapime ofisini, yakae kwenye tanuri siku mbili, ayapime tena. Kilichopungua ndiyo maji.

"Setilaiti inaona mwanga tu," mtaalamu alimwambia, "tena ule ambao macho yetu hayauoni. Jani lenye maji linaumeza, jani kavu linaurudisha juu. Lakini picha peke yake ni bubu, dada. Majani yako ndiyo yanayoifundisha kusema: giza la kiasi hiki ni maji ya kiasi hiki. Ukikosea wewe hapa chini, mashamba yote yanasomwa vibaya."

Akaitikia. Na alielewa, usidhani hakuelewa. Ila siku ya kukata, mama mkwe alikuwa amekwisha kumtangulia shambani, kaegemea fimbo.

"Mbona unakata hilo? Limetoboka!"

"Nimeambiwa nisichague, mama."

"Nani kasema uchague? Nimesema uache mabovu. Mgeni akija kwangu unampa kikombe chenye ufa? Hayo yanakwenda kwa wasomi, mwanangu. Usiniaibishe."

Basi akaenda kuyakata kando ya mfereji, kwenye mistari miwili ambako maji huvuja chini kwa chini. Majani mapana, mazito, ya kijani iliyokolea. Mama mkwe akatabasamu. Mkatamajani akajiambia jani ni jani.

Picha ikafundishwa hivyo. Shamba lenye kiu likapigwa picha, likaambatishwa na majani yaliyoshiba, na kompyuta ikajifunza kwamba sura ile ya kiu ndiyo shibe. Ramani ikatoka na upande wao wote bluu. Bluu maana yake subirini.

Wamesubiri. Majani yamejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Mahindi yametoa ndevu, nazo zinakauka kabla hazijashika chochote. Siku mbili zaidi za jua hili, watavuna magunzi matupu, wao na muuza mkaa na kila mtu wa upande ule.

Juzi alirudi shambani peke yake. Hatua kumi, jani. Hatua kumi, jani. Alikata hata yaliyovunjika vunjika mkononi. Leo asubuhi ameyatoa kwenye tanuri. Yale ya kwanza, kila gramu mia zilibakia ishirini na mbili kavu. Haya, kila mia zimebakia thelathini na sita, yaani maji ni machache zaidi. Aliandika kwenye karatasi, akapima tena, ikawa vile vile.

"Mama," alimwambia mama mkwe mlangoni, "yale majani ya siku ile..."

"Yalikuwa mazuri."

"Ndiyo yaliyotufungia maji."

Bibi aliigeukia mistari yake ya mahindi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Waambie ni mimi."

Kule mferejini, mlinzi wa lango alimsikiliza mpaka mwisho, funguo zikining'inia kiunoni.

"Dada, mimi nakuamini. Hayo mahindi nayaona, sina haja ya setilaiti. Lakini nikizungusha hili gurudumu la kufungulia maji bila ramani, kesho mwingine anakaa kwenye kiti changu. Ramani anabadilisha mtaalamu. Huyu hapa, ongea naye." Akabonyeza simu, akaiweka juu ya gurudumu, kati yao, sauti ikiwa wazi.

"Haloo?"

Mkatamajani alifungua karatasi yake. Jasho lilikuwa limeanza kuzifuta tarakimu.

"Mtaalamu, ni mimi wa majani. Yale ya kwanza nilichagua. Nilichagua mimi, kwa mkono wangu, ya kando ya mfereji. Hakuna aliyenituma. Nimekata mengine kama ulivyonifundisha, nimeyakausha, nimeyapima mara mbili. Thelathini na sita, kaka. Kazi ninyang'anye, sitalalamika. Lakini picha nyingine inapita wiki ijayo, na wiki ijayo hakutakuwa na cha kupigwa picha. Mwambie huyu ndugu hapa afungue leo. Utamwambia?"

Mlinzi alikuwa amekwisha kushika ufunguo. Simu iliendelea kuhesabu sekunde zake juu ya chuma kilichopata moto, na kutoka upande wa pili vikasikika vitufe vya kompyuta vikibonyezwa.