Ulimi Wabadilishiwa Mwajiri

Kazini, kwenye kampuni ya simu, walimwita Asali kwa ajili ya sauti yake. Mteja akipiga simu amefura, anataka kufunga laini, walimsukumia Asali, naye kwa dakika tano humlainisha mpaka asahau alichopigia. Miaka minne alikalia kiti chenye gurudumu bovu, karatasi ya maneno ya kusema imebandikwa mbele yake.

Jumatatu moja akapiga bibi mmoja mjane. Alitaka laini ya marehemu mumewe ifungwe.

"Pole sana, mama," Asali akasema, jicho likateremka lenyewe kwenye karatasi. "Lakini ukiiacha, utaendelea kuisikia sauti yake kwenye salamu za simu. Kuna kifurushi cha mwaka mzima..."

Bibi akalia, akakubali, akashukuru.

"Wewe ungemuuzia samaki maji!" msimamizi akashangilia. Asali akacheka pamoja na wenzake, kisha akaenda kunawa mikono mara mbili.

Tangu hapo hakukalika. Akiketi anasimama, akilala anagaagaa. Nyumbani alipanga kabati, akalipangua, akalipanga tena. Kaka yake, fundi wa majokofu, akachoka kumtazama.

"Mdogo wangu, umepoteza nini humo?"

"Sijui, kaka. Naona kama ulimi wangu nimewaazima watu wasio na haya."

"Kazi ni kazi. Mkono mtupu haulambwi." Kisha akakuna kichwa. "Lakini ulimi ni wako. Huwezi kuukata. Ubadilishie mwajiri."

Alizunguka na maneno hayo wiki tatu. Alijaribu kufundisha chekechea, watoto wakamshinda siku ya kwanza. Ndipo akaona hospitali inatafuta wapokea simu za dharura. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa zamani. Akaomba, akapata.

Kabla ya kuondoka alimpigia yule bibi. "Mama, ile laini ningeweza kuifunga siku ile ile. Nilikuzungusha. Nisamehe."

"Ifunge, mwanangu," bibi akajibu taratibu. "Nilitaka ifungwe tangu mwanzo. Ulikuwa na sauti nzuri, nikaona haya kukukatalia."

Asali akaifunga. Maneno yale yalimchoma kuliko tusi lolote.

Wiki ya pili hospitalini, mwanamume akapiga akipayuka: mkewe anajifungua jikoni.

"Baba, nisikilize. Mko mtaa gani? Vema, gari linatoka. Sasa chukua kanga safi, piga magoti karibu naye."

"Siwezi, dada! Mikono inatetemeka!"

"Na yangu inatetemeka. Tutaenda nayo hivyo hivyo. Unaona nini?"

Hakukuwa na karatasi mbele yake zaidi ya hatua chache za mkunga. Alisema, akasikiliza, akasema tena, mpaka kilio chembamba kikapasua simu, na nyuma yake king'ora kikakaribia.

Asali akavua visikilizio. Blauzi ilikuwa imelowa jasho.

"Umechoka? Pumzika kidogo," muuguzi wa zamu akamwambia.

"Hapana," akasema, akivivaa tena. "Nipe inayofuata."