Mbio za Kumwahi Mjomba

Mwalimu Cyril wa Lisekese hajui kuogelea, na hilo si jambo la kumcheka mtu. Huku Masasi maji ya kuogelea yako wapi? Mkewe, Ethel, alizaliwa juu kule Newala, ambako mwanamke alikuwa akishuka bonde zima na kulipanda tena kwa ajili ya ndoo moja. Watu wa namna hii hawana shughuli baharini. Lakini mwezi wa nne walipanda mashua ya tanga kutoka Lindi kwenda Kilwa, kwa hiari yao, na aliyewapandisha alikuwa shemeji.

Binti yao wa pekee, Huruma, ni muuguzi Kilwa. Mchumba wake anafundisha hukohuko, likizo zikawa ngumu, ikaamuliwa ndoa ifungwe kule. Sasa, kwa watu wetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba atalea, atakesha mtoto akishikwa na homa, atamfundisha kusoma. Siku ya harusi anayeulizwa ni mjomba. Mjomba wa Huruma ni Chrispin, kaka yake Ethel, wa Chilangala, mtu mwenye mikorosho mingi na maneno mengi kuliko mikorosho. Alikwisha kutangaza kwamba yeye ndiye atakayemshika Huruma mkono kutoka mlango wa kanisa mpaka madhabahuni.

Cyril hilo lilimkaa kooni. Babu yake alibatizwa na wamisionari, yeye mwenyewe ni mzee wa kanisa, na kwa maoni yake kanisani baba ni baba. "Nje Chrispin aongee mpaka achoke," alimwambia mkewe. "Ndani naingia na mwanangu mimi." Hakutaka kingine katika harusi ile, si kiti cha mbele wala hotuba. Alishonesha na suti.

Chrispin akatangulia kwa basi, kama kawaida yake ya kutangulia kila mahali. Kesho yake mvua ikang'oa daraja upande wa Kilwa, na mume na mke walipofika Lindi wakakuta barabara imekatika. Mtu mwingine angesema Mungu amepanga, akatafuta gesti. Cyril alipiga hesabu zake: shemeji alitangulia, basi alivuka, saa hizi yuko Kilwa anakunywa chai na kupanga viti. Simu ya Chrispin haikupatikana, na ya Huruma vilevile, maana minara ya kule ilikuwa imezimika. Cyril aliuchukua ukimya huo kuwa ushahidi.

"Tungoje watengeneze," Ethel alisema.

"Kaka yako hangoji," Cyril alijibu, akaenda kutafuta chombo.

Akampata nahodha mmoja kijana, Abdulrazaki, aliyekuwa anapeleka saruji na magodoro. Mashua yake ilikuwa na mashine pia, ila siku hiyo mashine nayo ilikuwa mzigo tu kama saruji. Nahodha aliwaamkia kwa adabu, akawaambia upepo wa kusi umeanza vizuri, utawasukuma wenyewe. Cyril alikaa juu ya godoro, suti yake kwenye nailoni magotini, akaonekana kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Upepo uliwasukuma kweli. Mpaka adhuhuri ulikuwa unawasukuma zaidi ya walivyohitaji, mbingu ikawa nyeusi, na mvua ikaanza kuja kwa ubavu. Nahodha na baharia wake walishusha tanga wakaacha kipande kidogo cha kushika njia. Wimbi liliinua mashua, likaiacha ianguke, halafu likaingia ndani kuona waliomo. Mifuko ya saruji ikaanza kutupwa baharini. Ethel alipewa ndoo, akaambiwa achote maji amwage nje. Mwanamke huyu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwaga ndoo ya maji bila kuumia moyo, sasa alizimwaga moja baada ya nyingine, na bahari ikamrudishia zote.

Kisha ubao mmoja chini ukaachia. Nahodha, usukani mkononi, akapaza sauti aletewe nguo nzito ya kuziba ufa. Magodoro yalikwisha kwenda na mawimbi. Ethel akaitazama ile nailoni.

"Hii hapana," Cyril alisema.

"Baba Huruma, ukizama na suti kavu, ataiona nani?"

Akampa. Ethel alikunja koti na suruali pamoja, akavisindilia kwenye ufa kwa kisigino, na maji yakapungua. Cyril akashika ndoo ya pili. Wakachota bega kwa bega, na hapo mwalimu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema nchi kavu.

"Herufi zote nilimfundisha mimi, kwa mkaa, ukutani jikoni. Nilitaka tu watu wanione naye."

"Mbona hukumwambia mwenyewe?"

"Mtu anaombaje kuwa baba wa mwanawe?"

Ethel alimwonea huruma, na wakati huohuo alitamani kumzaba kofi kwa kuwaleta pale. Alifungua kanga yake ya juu, akafunga ncha moja kiunoni mwake na nyingine kiunoni mwa mumewe, wakaendelea kuchota.

Walijibanza kwenye mikoko mpaka dhoruba ikatulia, na asubuhi wakaingia Kilwa. Cyril alishuka na msuli wa kuazima, macho mekundu kwa chumvi. Huruma, aliyeletewa habari na wavuvi, alikuja mbio akapiga magoti majini kuwaamkia, akilia.

"Mjomba wako yuko wapi?" ndilo lililotangulia kumtoka babake.

"Lindi, Baba. Alilala kwa rafiki yake karibu na soko, daraja likakatika asubuhi kabla hajaondoka. Simu zimerudi jana, tumeongea. Harusi tumeisogeza mpaka afike."

Ethel alikaa chini mchangani, akacheka hadi akashika mbavu.

Cyril hakucheka. "Na kama angekwama baba?"

Huruma alitazama miguu yake. Ni mtoto mkweli. Alilelewa hivyo na huyuhuyu aliyemwuliza. "Tungekuombea, Baba."

Huruma akaongeza kwa sauti ndogo kuwa daraja litachukua wiki nyingi, ila mjomba anaogopa maji, na amesema hapandi chombo chochote mpaka achukuliwe na mtu wa nyumbani anayeijua hiyo njia.

"Nikimleta," Cyril aliuliza, "ataingia na wewe kanisani nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza, na alijua amechelewa.

"Mjomba," Huruma alisema, na machozi yakaanza upya. "Wakwe wameshaambiwa. Baba, kwa nini hukusema?"

Cyril alimfuta uso kwa kiganja, kama anafuta ubao. Kisha akamgeukia nahodha, akamwuliza kesho anarudi Lindi saa ngapi.

"Alfajiri, mzee. Ila kurudi tunapingana na upepo. Ni kubaya kuliko kuja."

"Niwekee nafasi moja."

Ethel aliinuka, akajikung'uta mchanga.

"Mbili," alimwambia nahodha.