Neno la Mzee Njiani Magose

Mvua ya Owase haina adabu. Kwingine Japani mvua hunyesha kutoka juu kwenda chini kama inavyotakiwa. Owase inapiga mawe ya njia, kisha inaruka kukuingia chini ya koti. Wenyeji wameizoea hata hawaitaji. Chizuru hakuwa mwenyeji. Alitoka Tokyo, fundi wa meno ya bandia, umri umeshavuka arobaini, na hii ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza peke yake tangu azaliwe. Dada yake alimwambia kwenye simu, "Wewe kivuli chako mwenyewe kinakushtua, mlima utapanda na nani?" Akajibu kwa hasira kwamba atapanda na miguu yake. Sasa alikuwa juu ya njia ya kale ya Magose, na hasira ilikuwa imeshakwisha. Uliobaki ni woga mtupu.

Aliogopa kila kitu. Aliogopa mawe yaliyotandikwa njiani, yanayoteleza kama sabuni. Aliogopa ruba. Aliogopa dubu, na kengele aliyoifunga kwenye begi ili kuwafukuza ilimzidishia hofu, maana kila ikilia alikumbuka kwa nini inalia. Lakini kilichomtisha kuliko vyote ni binadamu. Yuko peke yake katika msitu wa mierezi, simu haina mtandao, na bahari iliyo chini huko anaisikia tu, haioni.

Ndipo akamwona mtu. Mzee mnene mwenye kofia ya manjano alikuwa ameketi penye sanamu ya Jizo, mlinzi wa wasafiri, hana mwavuli, koleo limelala miguuni pake. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Hakusalimu. Alimkodolea macho, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Erai... binti, erai."

Chizuru alirudi nyuma hatua moja. Halafu neno likamwingia, akapumua. Kumbe anasifiwa. Tokyo mtoto akimaliza wali wake huambiwa erai, yaani hodari, umefanya vizuri. Mzee wa watu anampongeza kwa kupanda peke yake katika mvua hii. Aliamini hivyo haraka sana, kwa sababu kuamini vingine kungemlazimu asogee karibu na ule mkono.

"Asante sana, mzee," alisema akiinama. "Ngoja niwahi chini."

Na akawahi kweli. Alipokata kona alitimua mbio, kengele ikilia ovyo, wala hakugeuka nyuma.

Nyumba ya wageni ya Bi Tamae iko pale njia inapomwagikia barabarani. Bi Tamae ni mwanamke mfupi mwenye mdomo usiojua kupumzika. Alimpokea mgeni mlangoni kwa taulo, akampokonya viatu, akaanza kuvishindilia magazeti ili vikauke.

"Simama hapo hapo, usinigeuzie nyumba kuwa bwawa," alisema. "Erai, eh?"

"Hapana, nimejitahidi kidogo tu," Chizuru alijibu kwa aibu.

Bi Tamae aliangua kicheko. "Nani kakusifu wewe? Nakuuliza kama umechoka. Ninyi watu wa Tokyo mna maneno yenu. Huku kwetu erai ni kuwa hoi, taabani. Mtu akiwa na homa, mtu akibanwa na kifua, ndiyo anasema erai."

Chizuru aliketi kizingitini, soksi moja mkononi. Alihisi baridi ambayo haikuwa ya mvua.

"Akibanwa na kifua," alirudia.

"Ndiyo. Mbona umegeuka rangi?"

"Mama, kuna mzee kule juu. Mnene, ana koleo na kofia ya manjano. Aliniambia erai." Aliiweka soksi chini. "Mimi nilimshukuru. Nikaondoka."

Kicheko kilimkatika Bi Tamae kama umeme. Kiatu kikamponyoka.

"Kisaburo," alisema. "Kaka yangu huyo."

Kila mvua kubwa ikinyesha Kisaburo hupanda kuzibua mifereji ya mawe, majani yasije yakazuia maji yakaibomoa njia. Ana moyo mbovu, daktari kamkataza, naye hasikii la mtu. Bi Tamae aliyasema haya huku simu iko sikioni. Gari la wagonjwa lingechelewa, barabara ya pwani ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mvua na ingebidi lizunguke. Wakaja vijana wa zimamoto wa kujitolea wa hapo hapo kijijini, na machela yao. Mkubwa wao, Iwao, muuza samaki, alimuuliza Chizuru swali moja tu.

"Jizo yupi? Wako wawili, wa chini na wa juu."

Chizuru hakujua. Jizo mwingine alimpita akikimbia, hata hakumwona. "Nikimwona nitamtambua," alisema.

"Basi twende, dada."

Hilo ndilo jambo ambalo hakulitaka kabisa. Viatu vilikuwa vimejaa magazeti, akapewa mabuti ya Bi Tamae yaliyombana vidole. Bi Tamae mwenyewe aliambiwa abaki, akajibu kwamba wanaweza kumzuia wakimfunga kamba, na kamba zenyewe yeye ndiye anayejua ziko wapi, si wao.

Njia ilikuwa imegeuka mto. Maji ya kahawia yaliwapiga magotini, na mahali fulani juu yao jiwe lilibingirika, likaendelea kubingirika, na wote wakasimama mpaka liliponyamaza. Chizuru aliogopa. Lakini huu haukuwa tena woga wa dubu wala wa ruba. Alikuwa anaogopa kufika. Akilini aliona tayari uso ule wa kijivu ukiwa umelala matopeni, na kwamba yeye ndiye aliyemuua mtu kwa kumwinamia na kumwambia asante.

Jizo wa kwanza hakuwa yeye. Wakapanda.

Kwa Jizo wa pili Chizuru alisema, "Hapa." Koleo lilikuwepo. Mtu hakuwepo. Maji yalikuwa yanakatisha njia pale pale na kutumbukia bondeni, na Iwao akamulika tochi kule chini. Bi Tamae aliita jina la kaka yake mara nyingi, kila mara sauti ikipungua.

Chizuru hakusubiri wenzake. Alipanda kwa mikono na magoti kuelekea upande wa juu wa njia, kwenye mizizi ya mwerezi mkubwa, na hapo akaona buti. Mzee alikuwa amejikunja kwenye uwazi wa mizizi, macho yamefumbwa. Chizuru aliushika ule mkono. Ulikuwa wa baridi kabisa. Akaukamata kwa mikono yake yote miwili, akausugua, akasema, "Mzee, tafadhali, mzee wangu." Vidole vya mzee vikambana taratibu.

"Umerudi," alisema Kisaburo.

"Usiongee, kaka," Bi Tamae alisema, alikuwa ameshapiga magoti upande wa pili.

Kisaburo akaongea, kama kawaida yake. "Nilimwona alivyokimbia. Binti wa watu, hanijui simjui, anataka kujivunja miguu akaniitie watu. Nikajisemea, basi nami nisife. Nitakuwa nimemtia aibu bure."

Chizuru alifungua mdomo amwambie ukweli. Bi Tamae alimtazama, maji yakimtiririka usoni, naye alijua yote. 

"Alikimbia kweli," alimwambia kaka yake. "Alifika kwangu hana hata pumzi."

Chizuru akalia kwa sauti, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Iwao alimwita ashike pembe moja ya machela, wanaume hawatoshi. Akaishika kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine mzee alikataa kuuachia.