Lori la Mdogo Wake

Alipostaafu uaskari jela, wenzake walidhani atafuga kuku. Yeye akanunua reki na magunia, akaanza kuokota plastiki ufukweni, pale mfereji mkuu wa mji unapotapika maji yake baharini. Wapita njia walimcheka. "Afande kakosa wafungwa, sasa anafunga chupa!" Jina la Afande likamganda, naye hakujali. Alichojali ni kwamba kila alipomaliza kusafisha hatua chache, wimbi lilirudi na shehena nyingine kama lililotumwa.

Alihitaji vijana. Akaenda uwanja wa mpira, akawaeleza habari za bahari, wakamsikiliza kama mbuzi anayepigiwa gitaa. Wiki iliyofuata alirudi akiburuta gunia zito. Ilikuwa wakati wa mapumziko. Akalimwaga katikati ya uwanja: kasa aliyekufa, mkubwa kama beseni la kufulia. Akachomoa kisu, akampasua tumbo mbele ya timu zote mbili. Waliokuwa karibu walitapika. Yeye akazamisha mkono mpaka kiwiko, akawa anatoa kimoja kimoja na kuweka kwenye nyasi: vifuko, vifuniko vya chupa, kamba ya nailoni, kipande cha ndala, mswaki.

"Huyu hakuugua," alisema. "Huyu ameuawa. Mimi nimeishi na wauaji maisha yangu yote, nawajua. Nani ananisaidia?"

Wa kwanza kunyanyuka alikuwa Pilipili, golikipa wa timu ya wasichana, mfupi, mwenye mdomo unaoweza kukaanga samaki bila mafuta. Wa pili ni Sumaku, kijana mrefu aliyeitwa hivyo kwa sababu vitu vya watu vilikuwa vikimganda mikononi. Wengine wakafuata. Afande aliwapanga mstari, akawafundisha kuchambua, kufunga na kubeba, akawatukana walipozembea na kuwasifu walipojituma. Watoto waliokuwa wakipigana mawe mtaa kwa mtaa sasa walishika ncha mbili za gunia moja. Ufukwe ukaanza kuonyesha mchanga wake.

Kisha likaja lori.

Lilikuwa la mkandarasi wa taka. Lilitakiwa kupeleka mzigo jalalani, mbali nje ya mji, lakini dereva alikuwa akikata kona alfajiri na kuumwaga mdomoni mwa mfereji. Kazi ya wiki nzima ikawa inazikwa kwa dakika chache. Vijana wakaweka zamu ya kulivizia. Sumaku ndiye aliyerudi na habari, akasimama mbele ya Afande akikuna shingo.

"Afande, dereva tumemwona."

"Nani?"

"Breki. Mdogo wako."

Siku hiyo hiyo Afande alikwenda kwa mama yao. Alimkuta mdogo wake amejinyoosha kwenye kochi, viatu juu ya mkono wa kiti, mama akimpepea.

"Unamwaga taka baharini?" aliuliza, bado yuko mlangoni.

"Shikamoo dada. Karibu dada. Za huko dada," Breki alisema, akicheka. "Bahari imejaa lini? Mafuta ya kwenda jalalani nayatia kwenye dumu langu nayauza, tajiri hajui, wewe inakuuma nini?"

"Kuna watoto wa watu wanaoinamisha migongo pale."

"Uliwatuma wewe. Mimi sikumwita mtu."

"Ukirudi pale utanikuta."

"Na mimi utanikuta," alisema Breki, na kicheko kikakatika. "Toka utotoni unanifanya mfungwa wako. Nimechoka."

Mama yao alitupa upepeo chini. "Nyie wawili mmenyonya ziwa moja! Mnataka kunizika kabla ya siku yangu?"

Jumamosi jua lilipochomoza, Afande na vijana wake walikuwa wameshalaza gogo katikati ya njia. Lori likaja kwa kasi, likapiga breki, likasimama pua ikigusa gogo. Breki akateremka na spana ya magurudumu mkononi. Utingo wake alipoona umati alibaki ndani, akapandisha kioo.

"Toeni gogo."

"Geuza lori," alisema Afande.

Breki hakumtazama hata machoni. Alizunguka nyuma kufungua komeo la mlango wa nyuma wa bodi, amwage hapo hapo. Pilipili alikuwa amewahi. Aliparamia bodi, akakaa juu ya komeo, miguu ikining'inia.

"Mwaga basi na mimi," alisema. "Au unaogopa takataka inayojibu?"

Vijana wakaangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichomtia Breki wazimu. Alimkamata mguu, akamvuta, msichana akaanguka chali. Alipojaribu kuinuka, Breki alimpiga spana ya mdomo.

Sauti yake ilikuwa kama kuvunjika kwa sahani. Pilipili alikaa chini, akafungua kiganja, akatema meno. Taya lake lilikuwa limekwenda upande.

Afande hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika. Alikumbuka tu mpini wa reki ukishuka begani kwa mdogo wake, mfupa ukialika, na spana ikidondoka. Akampiga tena, mbavuni. Breki akapiga magoti. "Dada," alisema. Afande akainua mpini mara ya tatu, na hapo ndipo aliposikia nyuma yake kelele aliyoijua. Aliwahi kuisikia gerezani siku wafungwa walipovunja bweni na kumburuta mwenzao nje kwa kumshika miguu. Haikuwa hasira tena. Ilikuwa furaha.

"Mmalize, Afande!"

Mpini ukamtoka mkononi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Vijana walimpita pande zote kama hayupo. Walikuja na mawe, fito, na chupa zile zile walizookota, wamezijaza mchanga. Jiwe la kwanza lilimpata Breki sikioni, la pili jichoni. Alilia kwa sauti ya mtoto. Wengine walikwishavunja vioo vya lori. Utingo alichomoka mlango wa pili akakimbia kuelekea majini. Mtu akatoboa tangi, mwingine akawasha kiberiti. Moto ukashika matairi, ukapanda, na ule mzigo wote wa plastiki ukaanza kulia na kutiririka.

"Mistari!" Afande alipiga kelele. "Rudini kwenye mistari!"

Nani amsikie? Alikuwa amewafundisha kufanya kazi kama mwili mmoja, na sasa mwili huo haukuwa na masikio. Akafanya kitu pekee kilichobaki. Alijitupa juu ya mdogo wake, akamfunika kichwa kwa mikono yake.

Fito zilishuka mgongoni mwake. "Ni mimi!" alilia. "Ni mimi huku!" Hazikukoma. Jiwe likampasua utosi, damu ikamwingia machoni, na kwa chini alihisi Breki akimng'ang'ania nguo. Kupitia damu alimwona Sumaku akija na kitambaa kilicholowa mafuta, kimewashwa, akikishika kwenye ncha ya kijiti.

"Ondoka, Afande."

"Siondoki."

"Ondoka, nakuomba! Kamuua Pilipili!"

Pilipili alikuwa nyuma yake. Alikuja akiyumba, kifua chote chekundu, akamnyang'anya Sumaku kile kitambaa kwa mkono mtupu, akakifumba ndani ya ngumi. Nyama iliungua, kila mtu akasikia harufu. Alimtazama Sumaku tu, kisha akaanguka kifudifudi juu ya mgongo wa Afande.

Fito zikasimama. Mmoja wa vijana akaanza kulia kwa sauti, na wengine wakatazama mikono yao.

Polisi walipofika, Afande alitoa maelezo kabla hajashonwa. Alimtaja mdogo wake kwa meno ya Pilipili. Alimtaja Sumaku kwa kitambaa cha moto. Akajitaja mwenyewe kwa bega na mbavu. Askari aliyemhoji aliuliza kama ana hakika, maana hakuna anayejichongea hivyo. Alisema ana hakika.

Kwa hilo akapoteza pande zote. Mama yake alimpita kwenye korido ya hospitali kama anayepita nguzo, akaingia wodini kwa Breki, ambaye jicho moja halikurudi. Mtaani waliandika msaliti kwenye ukuta wake. Sumaku alifungwa. Afande alipewa kifungo cha nje, na alipokwenda kumtembelea kijana gerezani, akivuka geti alilolilinda miaka mingi, Sumaku alikataa kutoka kumwona.

Siku zile za hospitali, ni Pilipili pekee aliyempokea. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, akizungumza kwa kubana meno yaliyobaki.

"Usinishukuru," Pilipili alimwahi Afande kabla hajafungua kinywa. "Sikumwokoa yule. Nilikuokoa wewe. Yeye alikuwa chini tu."

"Na Sumaku?"

Pilipili aligeukia ukuta. "Sumaku ungemwacha, usingemtaja."

"Nisingeweza."

"Najua. Ndiyo maana nina hasira na wewe."

Hasira ile haikuisha. Lakini mkono wake ulipopona, Pilipili alikwenda uwanja wa mpira peke yake, na uso wake ule, akasimama katikati wakati wa mapumziko. Hakubeba kasa. Alisema atakuwa ufukweni Jumamosi, na atakayekuja na jiwe mfukoni atalimeza. Wakaja wachache. Afande naye alikuja, akasimama mbali mpaka Pilipili alipomwita kwa kidole.

Plastiki iliyoyeyuka kwenye lori ilikuwa imemwagika juu ya miamba na kuganda, nyeusi, ngumu, imeshika kila ufa. Reki haikufua dafu. Walileta nyundo na patasi, wakapiga magoti kwenye maji baridi na kuibandua kipande kwa kipande. Mgongo wa Afande uliuma kwa kila pigo.

"Si hapo," alisema Pilipili kwa meno yake yaliyobanwa, akimsogezea patasi. "Piga hapa."

Afande akapiga hapo.