Mwendo wa Vamanrao

Enzi zile kwetu Kolhapur, malkia wa jukwaani walikuwa wanaume, nasi tulishazoea. Vamanrao wa kundi la Bapurao ndiye aliyependwa kuliko wote. Wake za watu walifunga sari kama yeye, wakachomeka maua kichwani kama yeye. Basi akaugua koo, sauti ikakauka, na Bapurao mwenye kundi akanichukua mimi, Godavari, binti wa mwimbaji. Hakutangaza kuwa mimi ni mwanamke. Aliniambia tu, "Wakikukataa, unarudi kwa mama yako." Na kwa mama kulikuwa na mzee ananingoja, amekwisha kukubaliwa aniweke kinyumba.

Jioni ya kwanza nikatoka nikitembea nitembeavyo. Ukumbi mzima ukacheka.

"We kijana! Mwanamke gani anatembea hivyo?"

"Mrudisheni akachunge nyati!"

Tangu nizaliwe natembea hivyo hivyo.

Bapurao akafoka, "Nenda kwa Vamanrao akakufundishe uanamke. Kesho ndiyo mwisho."

Nilimkuta Vamanrao anatafuna tambuu, ndevu zimemwota, kitambaa shingoni.

"Polepole, Godu," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Ncha ya sari ishike kama inakuunguza. Ah! Dada, unakwenda kama askari!"

"Kaka, wewe ulijifunza kwa nani?"

"Kwa marehemu Ganuji."

"Mwanamume?"

"Tena wa masharubu! Aliyanyoa kwa ajili ya kazi."

"Na yeye je?"

"Nitajuaje? Labda kwa mama yake. Tembea, we!"

Kesho yake nikatoka kwa mwendo wa Vamanrao. Safari hii maua yakaanza kurushwa. Mchezo ulipokwisha, mama mmoja wa nyumba kubwa akaja nyuma ya pazia na sahani ya manjano na unga mwekundu, anipake usoni kama wapakanavyo wake za watu. Vamanrao alipakwa na mama huyo siku zote. Lakini mwanamke halisi wa jukwaani asingemgusa, maana alihesabiwa si wa heshima.

"Mama," nikasema, "mimi ni mwanamke kweli."

Bapurao akashika kichwa.

Yule mama akacheka mpaka sahani ikatikisika. "Msikieni! Hata Vamanrao hajafika hapo!" Akanipaka, akaenda zake.

"Kazi unayo, binti," Bapurao akaninong'oneza. "Ila usirudie tena maneno hayo."

Nikacheza miaka mingi. Wajukuu huniuliza kama nilifurahi siku ile. Nilikaa tu na wekundu ule usoni, sijui niufute au niuache, sijui yule mama alimpaka nani.